Mkwe Hafunuliwi

Inspekta Kasiani alifika na rungu ndani ya kiroba, akaliweka juu ya meza ya Daktari Doris, kisha akaomba maji ya kunywa kama mtu aliyepita kusalimia tu.

"Silaha hiyo, daktari," alisema alipomaliza bilauri. "Nataka neno moja kutoka kwako. Ndiyo, au ndiyo."

Alikuwa mtu wa Mbinga, mwenye kitambi kidogo na maneno mengi, na kituo chake cha polisi kilikuwa mwendo wa robo saa kwa pikipiki, upande wa Mikumi. Doris alivaa glavu akalitoa rungu. Lilikuwa la mpingo, zito, kichwa chake kimeviringika na kulainika kwa kushikwashikwa. Akalipima kwa rula, akaligeuza dirishani, akalikagua kwa lenzi. Hapakuwa na damu wala unywele.

"Limeoshwa?"

"Lilikutwa shambani, palepale. Hakupata nafasi ya kuliosha. Mwenyewe alitimua mbio."

Habari yenyewe kijiji cha Zombo kilikuwa kimekwisha kuihukumu. Jumamosi mchana Mama Hildegarda, mjane wa miaka sitini na mitatu, alitupiana maneno njiani na kijana wa Kimaasai aitwaye Meitamei, kwa sababu ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi yake. Jumapili alfajiri mama huyo alikutwa amekufa mpakani mwa shamba lake, kichwa kimepasuka. Meitamei alionekana anakimbia. Hatua thelathini kutoka kwenye maiti alilala mtamba mmoja wa ng'ombe wake, naye amekufa, hana hata mkwaruzo. Watu wakajumlisha: mama kamwekea mtamba sumu, kijana kalipiza kisasi. Hadithi iliyonyooka namna hiyo hupendwa na kila mtu, polisi wakiwemo.

Mwili ukaletwa katika Hospitali ya Mtakatifu Blasio, hospitali ndogo ya misheni kati ya Kilosa na Mikumi. Hapo alikuwapo Doris, daktari tarajali, miezi minne tangu atoke chuoni, wiki ya pili katika chumba cha maiti. Msimamizi wake, Daktari Ashrafu, alikuwa semina Morogoro. Jumatatu asubuhi Doris alifanya uchunguzi peke yake, akaandika kwamba marehemu amekufa kwa jeraha la kichwa lililosababishwa na kitu butu. Akasaini, akagonga muhuri. Alijiona mkubwa kidogo siku ile, na si vibaya kulisema hilo mapema.

Sasa ilikuwa Jumatano, na rungu lilikuwa mbele yake, nalo halikukubaliana na maandishi yake.

"Inspekta, hili ni la mviringo. Lingempiga, mfupa ungebonyea kama bakuli. Jeraha la mama lina pembe tatu, kingo zimechanika, na ndani nilitoa punje za changarawe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliangukia jiwe."

"Alisukumwa akaangukia jiwe," Kasiani alimsahihisha. "Bado ni mauaji. Watu hawaangukii mawe kwa kupenda." Alitoa nakala ya fomu mfukoni, akaifungua, akasoma kwa kidole. "Na wewe mwenyewe umenisaidia. 'Mwili wote umekaguliwa kuanzia nyayo hadi utosi. Hakuna jeraha wala alama nyingine.' Angekuwa ameumwa na nyoka, ungeona. Angekuwa na kitu chochote cha kumwangusha, ungeona. Uliukagua wote, sivyo?"

Doris alitazama saini yake. Aliiandika vizuri, kwa mkia mrefu.

"Ndiyo," alisema.

Neno lilimtoka kirahisi, na papo hapo akaona haya mpaka masikio yakapata moto. Kasiani hakuona. Alikuwa anakunja karatasi.

"Basi vizuri. Kesho saa tatu kijana anafikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Kosa hilo halina dhamana, unajua. Akishaingia mahabusu, upelelezi unaendelea mwaka, miwili, mitatu, ng'ombe wanakwisha, mama yake anazeeka. Ndiyo maana nikaona nipite kwako kwanza. Mimi si mtu mbaya."

"Mwenyewe anasemaje?"

Kasiani akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Hapo sasa. Anasema alfajiri alikuwa anamtafuta mtamba. Akamkuta mama amelala chini, anatetemeka. Akadhani yu hai. Akamshika mkono amwinue. Basi, anasema, kitu kikampiga, kikamtupa kule, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Akaona hayo si mambo ya kawaida, akakimbia. Daktari, umewahi kusikia mtu anapigwa na maiti?"

Doris hakucheka. Alilirudisha rungu mezani taratibu.

"Alikuwa amevaa nini miguuni?"

"Katambuga. Za tairi. Si wote huvaa hizo?"

"Na mtamba? Mlimpasua?"

"Mimi polisi, sina bucha. Wananchi walimfukia wakisema ana sumu."

"Pale mpakani kuna uzio?"

"Hakuna uzio. Kuna vigingi tu, vifupi, hivi." Alionyesha chini kidogo ya goti. "Kila kigingi kimegongomewa kipande cha ndala. Nikadhani ni alama za mpaka. Watu wa huku mna mambo."

"Nguzo ya umeme iko mbali?"

Kasiani alifungua mdomo kujibu kwa mzaha, akaufunga. Aliwaza kidogo.

"Iko kwenye kona ya shamba," alisema.

Walitazamana. Vipande vya ndala ni raba, na raba haipitishi umeme. Mtu hapotezi misumari kugongomea ndala kwenye vigingi ili kuonyesha mpaka. Anafanya hivyo pale anapotaka waya upite bila kugusa mti. Mtamba asiye na jeraha, mama aliyekuwa anatetemeka, kijana aliyetupwa akanusurika kwa sababu amesimama juu ya tairi: mambo matatu yaliyokuwa yamekaa mbalimbali yalikuja yakakaa kwenye benchi moja.

"Lakini basi," alisema Kasiani, na sauti yake sasa ilikuwa ya kazi, "umeme huacha alama. Nimeona watu wawili waliopigwa na umeme. Huacha alama mwilini. Na wewe umeandika hakuna alama."

Hapo ndipo angeweza kusema lolote. Angeweza kusema alama nyingine huchelewa kuonekana. Kasiani angeamini, kwani hakusomea udaktari. Doris alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Inspekta, nimekudanganya sasa hivi. Sikuukagua mwili wote."

"Ulikagua nini?"

"Kichwa. Shingo. Mikono. Basi."

"Na hii 'kuanzia nyayo hadi utosi'?"

"Niliinakili kutoka kwenye fomu ya wiki iliyopita. Daktari Ashrafu ndiye aliyeiandika, kwa maiti nyingine."

Kasiani aliitoa tena ile karatasi mfukoni, akaitazama kama mtu anayetazama noti aliyoambiwa ni bandia. "Kwa nini, binti yangu?"

Kuitwa binti badala ya daktari kulimchoma kuliko tusi.

"Marko," alisema. "Mhudumu wetu wa mochwari. Marehemu ni mkwe wake."

Jumatatu ile Marko alimsaidia kuleta kitanda katikati ya chumba, kisha akarudi nyuma hadi ukutani. "Daktari, nisamehe," alisema. "Mimi mkwe wangu simfunui. Nimemwoa mwanawe. Hata njiani nilikuwa nampisha, naingia majanini mpaka apite." Alisema hivyo akiwa amegeukia ukuta, mtu mzima wa miaka arobaini, mikono nyuma.

Doris alimwelewa hata kabla hajamaliza. Alikuwa mtoto wa katekista wa milima ya Mamboya. Nyumbani kwao alimwona baba yake akila nje, kwenye baridi, kwa sababu mkwewe yuko sebuleni. Jambo hilo halikuhitaji kitabu. Angeweza kumtoa Marko, akaita muuguzi mwanamke. Lakini wodi ilikuwa imejaa, ndugu walikuwa nje wameanza nyimbo za msiba, maiti ilikuwa nzito, na yeye mwenyewe aliona vibaya kuvuta khanga ya mama wa watu, rika la mama yake, na mkwe amesimama hatua nne tu. Akafungua kilemba, akakagua jeraha, akatazama viganja, akafunika. Marko akamshukuru: "Umenistahi, daktari. Mungu akulipe." Doris akatoka mle amejisikia mtu mwenye adabu.

Alimsimulia Kasiani yote hayo bila kupunguza. Inspekta alisikiliza, akakuna kidevu.

"Mficha uchi hazai, daktari," alisema mwishowe. "Nyie mmekwenda mbali zaidi, mmeficha uchi wa maiti." Kisha mzaha ukamwishia. "Na mimi nimemwacha mtu ndani mpaka leo kwa karatasi hii. Sikukuuliza hata swali moja. Niliona muhuri, nikashukuru."

"Mwili bado upo. Wanazika kesho, wanamsubiri mtoto wake kutoka Mtwara."

"Basi twende."

Marko alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mochwari anasugua ndoo. Aliposikia kwamba mwili unakaguliwa upya, hakuacha kusugua.

"Umeshakaguliwa, daktari. Watu wameshaarifiwa mazishi."

"Naukagua tena. Naomba ufunguo. Na mwite mke wako, yeye ndiye atakayenisaidia."

"Bibiana yuko msibani, analia. Anaitiwa nini huku?"

"Mama anaogeshwa na binti yake, Marko. Hapo hakuna mwiko."

"Ufunguo nimeuacha nyumbani."

Kasiani, aliyekuwa amesimama kivulini, alikohoa. "Uko kiunoni mwako, bwana. Kamba nyekundu. Nauona toka hapa."

Marko alitazama kiuno chake kama kwamba hakijui. Akaufungua ufunguo, akautoa kwa mikono miwili, kwa heshima, macho chini. Hakuuachia mpaka Doris alipouvuta. Mtu angeweza kudhani ni uchungu wa msiba, na Doris, ambaye tangu Jumatatu alikuwa amechoka na kudhani, aliliweka hilo moyoni bila kulipa jina.

Bibiana alifika baada ya nusu saa, juu ya bodaboda, macho yamevimba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, mwenye mikono ya kufanya kazi. Doris alimwambia ukweli mlangoni: kwamba alimkagua mama yake nusunusu na kuandika mzima, na kwamba sasa anaomba msaada wake kurekebisha.

Bibiana alimtazama usoni. "Ulimwonea aibu mama yangu?"

"Ndiyo."

"Yeye hakuwa mtu wa kuonewa aibu. Alizaa watoto saba." Akafunga khanga kiunoni. "Haya, tufanye."

Kasiani alibaki nje ya mlango, amegeuza mgongo, daftari mkononi. Marko alisimama mbali naye kidogo, karibu na tangi la maji.

Doris alianza na nyayo, kama alivyofundishwa. Aliufuta mguu wa kushoto kwa pamba na maji. Kisigino kilikuwa kigumu, kimepasuka kwa miaka ya kutembea, na katika mojawapo ya nyufa hizo palikuwa na tundu dogo la rangi ya majivu, kingo zake zimenyanyuka na kukauka. Mtu asiyetafuta angedhani ni mwiba wa zamani. Akalipima: milimita sita. Akakitaja kipimo kwa sauti, na nje kalamu ya Kasiani ikaandika.

"Sasa mguu wa kulia."

Bibiana alilifungua fundo la khanga, akaisogeza hadi magotini, taratibu, kama anayemwamsha mtu. Katikati ya muundi wa kulia palikuwa na mstari. Mwembamba, unene wa njiti ya kiberiti, urefu wa kidole gumba, umekatiza mguu kwa mlalo. Ngozi ilikuwa imebonyea katikati na kuwa ya kijivu, pembeni ngumu kama nta. Haukuwa umejificha popote. Ulikuwa chini ya khanga tu.

Doris alisimama akiutazama. Siku nne mstari ule ulikuwa hapo, na ungemchukua nusu dakika kuuona. Alijua hana haki ya kulia mbele ya huyu mwanamke.

"Hii ni nini?" aliuliza Bibiana.

"Ni waya. Waya wenye umeme. Aliugusa kwa mguu huu, ukatokea kwenye kile kisigino. Alianguka akiwa ameshapigwa. Jeraha la kichwa ni la jiwe."

Bibiana alishusha khanga, akaifunika miguu ya mama yake, akainyoosha vizuri pembeni, akairudia tena kuinyoosha. Kisha akageuka akautazama mlango.

"Aliniambia huwa anauzima alfajiri," alisema.

"Nani?"

"Aliutega kwa ajili ya nguruwe pori. Shamba letu limepakana na la mama, ni yeye mama aliyetugawia. Nguruwe walikuwa wanamaliza mihogo. Akaniambia, usiwe na wasiwasi, kila alfajiri nauzima." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini mikono bado ilikuwa inanyoosha khanga iliyokwisha kunyooka. "Jumapili tuliamka tukiwa tumechelewa. Yeye akatangulia kufika. Kabla ya wote. Nikamsifu kwa hilo, daktari. Niliwaambia watu, mmeona mkwe alivyomkimbilia mama?"

Nje, Kasiani alifunga daftari. "Marko," aliita, bila kupandisha sauti. "Njoo tuongee."

Marko hakukimbia. Alikuja akakaa palepale kwenye ngazi, ndoo kati ya miguu. Doris alitoka akasimama kando.

"Waya uko wapi?"

"Darini kwangu. Nimeuviringisha."

"Uliutoa lini?"

"Jumapili. Nilimkuta yuko juu yake. Nikaunasua kwanza kule nguzoni kwa mti mkavu, ndipo nikapiga kelele."

"Ukamwona Meitamei?"

"Nilimwona kwa mbali, anakimbia. Watu wakaanza kusema ni yeye. Mimi sikusema."

"Hukusema ni yeye. Wala hukusema si yeye."

"Sikusema."

Kasiani alimtazama kwa uchovu. "Na Jumatatu, hayo mambo ya mkwe. Ulikuwa unajua mguuni kuna nini."

Marko alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza, na hakumtazama inspekta, alimtazama Doris. "Haya ya mkwe nilikuwa nayo kweli, daktari. Hilo usiseme nilidanganya. Simfunui mkwe wangu, hata leo simfunui. Ila niliona itanifaa. Nikaona, daktari ni mtoto wa huku, ataelewa." Akainama tena. "Na ukaelewa."

Bibiana alikuwa amefika mlangoni. Alisikia yote. Alimpita mumewe kwenye ngazi bila kumgusa, akaenda akapanda ileile bodaboda iliyomleta, na mwenye pikipiki alipomuuliza waende wapi, alisema tu, "Msibani."

Walirudi ofisini. Kasiani alimpigia simu mtu wa kituoni aje amchukue Marko na mwingine aende darini kufuata waya. Kisha akafunga mlango, akaketi, akaweka fomu tupu mbele ya Doris.

"Andika mpya," alisema. "Andika kwamba leo Jumatano uchunguzi umerudiwa na alama zimeonekana. Alama za umeme wakati mwingine huchelewa kujitokeza. Nasikia hivyo."

"Hazichelewi, inspekta."

"Nasikia hivyo," Kasiani alirudia. "Nani atapinga? Kijana anatoka, Marko anajibu yake, na wewe unabaki daktari. Ukiandika lile la kunakili, unanijua mimi, mimi nitanyamaza, lakini karatasi hainyamazi. Ashrafu atalisoma. Baraza lenu la madaktari litalisoma. Utarudishwa nyumbani na miezi yako minne."

Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lilikuwa baya, maana hakuna aliyekuwa anamlazimisha. Doris alimfikiria wakili wa Marko, siku moja, akiuliza kwa nini daktari wa Jumatatu hakuona alichokiona daktari wa Jumatano, na kama alama huchelewa, basi nani ajuaye nini kilimpata mama huyo, na rungu la yule Mmaasai liko wapi. Uongo mmoja ungemfungulia Meitamei mlango mbele na kumwachia mwingine wazi nyuma yake.

Alichukua kalamu. Aliandika kwa nusu saa. Alipomaliza, Kasiani alisoma, akavuta pumzi, akasaini kuwa ameipokea.

"Nataka niipeleke mwenyewe kituoni," alisema Doris.

Kituo kilikuwa na chumba kimoja cha mbele, kaunta ya mbao, na nyuma ya kaunta mlango wa nondo wa mahabusu. Kwenye benchi aliketi mwanamke wa makamo, mashuka mekundu, shanga masikioni, na kidumu cha maziwa miguuni. Wengine wanne au watano walikuwa wamesimama wakisubiri shida zao. Doris alimjua mwanamke yule bila kuambiwa. Soila, mama yake Meitamei, alikuwa kwenye benchi lile tangu Jumapili.

"Shikamoo, mama."

Soila alilitazama koti lake jeupe, akaitazama karatasi mkononi.

"Wewe ndiyo daktari wa karatasi?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Marahaba haikuja. Doris alingoja, maana tangu azaliwe hakuwahi kuamkia mtu mzima akanyimwa jibu, na watu waliosimama waliona akingoja. Askari wa kaunta alijifanya anatafuta kalamu.

Kasiani aliingilia. Alimweleza Soila kwamba mwanawe hakuua, kwamba ni waya wa umeme, kwamba zimebaki saini mbili kutoka Kilosa na kabla ya jua kutua kijana atakuwa nyumbani. Aliyasema kwa furaha kidogo, kama mtu anayeleta zawadi. Soila alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono kuelekea karatasi, lakini hakuichukua.

"Mimi sisomi," alisema. "Asome yeye."

"Mama, ni mambo ya kitaalamu..."

"Ile ya kwanza mlisoma hapa. Watu wote walisikia. Na hii asome."

Doris alifungua karatasi. Maneno aliyoyaandika peke yake ofisini yalikuwa mafupi na ya kawaida. Hapa, mbele ya kaunta, kila moja lilikuwa na uzito wake.

"Mimi, Daktari Doris, daktari tarajali, Jumatatu niliandika kwamba nimekagua mwili wote wa marehemu Hildegarda. Si kweli. Nilikagua kichwa na mikono tu. Maneno mengine niliyanakili. Nilifanya hivyo kwa kuona haya, na sikumwambia mtu. Kwa sababu hiyo alama za umeme zilizokuwa mguuni hazikuonekana, na mtu asiye na kosa ameendelea kuwekwa ndani. Leo nimeukagua mwili wote, mbele ya binti wa marehemu. Kifo kimesababishwa na umeme."

Mzee mmoja karibu na mlango alivua kofia, bila sababu yoyote. Doris alianza kukunja karatasi.

"Soma tena," alisema Soila.

"Mama?"

"Sauti kubwa. Aliye ndani hajasikia."

Kasiani alitazama sakafu. Doris aliikunjua karatasi, akaugeukia mlango wa nondo, akasoma tena kuanzia jina lake, kwa sauti, na alipofika kwenye neno 'haya' sauti ikamkatika, akalirudia neno hilo, akaendelea hadi mwisho.

Kutoka ndani kijana alijibu, kwa Kiswahili cha polepole, bila hasira.

"Nimesikia. Daktari, kama umefika, naomba uangalie mkono wangu. Umeungua. Tangu Jumapili nawaambia hawa wamwite daktari aje auone."

"Wakasemaje?" aliuliza Doris.

"Wakasema haina haja. Daktari ameshaandika."